Kanisa la Kilpeck na Michongo Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu kanisa la parokia la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Daudi lililoko Kilpeck, Uingereza. Palipo na dhana tu pameandikwa kuwa ni dhana, kwa sababu mawe ya kanisa hili yamesemewa mengi kuliko yanayosema yenyewe.

## Mambo ya msingi

Kanisa hili liko wapi, na linajulikana kwa nini?

Kilpeck ni kijiji kidogo cha Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, kiasi cha kilomita 13 kusini-magharibi mwa mji wa Hereford na si mbali na mpaka wa Wales. Kanisa lenyewe ni dogo, na anayelitazama kwa mbali huona jengo la kawaida la mawe mekundu lililozungukwa na makaburi.

Linajulikana kwa michongo ya karne ya 12 iliyo kwenye mlango wa kusini, kwenye dirisha la magharibi, na kwenye safu ya mawe inayolizunguka jengo chini ya paa. Makanisa mengi ya umri huo yamebakiwa na kipande hapa na kipande pale, mara nyingi kilichohamishwa kutoka kilipokuwa. Hapa karibu kila kitu kipo, na kipo palepale waashi wa kwanza walipokiweka.

Lilijengwa lini, na kwa amri ya nani?

Tarehe inayokubalika ni mwaka 1140 au karibu na hapo. Hakuna jiwe lililoandikwa mwaka. Makadirio hayo yanatokana na kulinganisha mtindo wa michongo na hati za wakati huo. Aliyeamuru kazi ifanyike anatajwa kuwa Hugh wa Kilpeck, bwana wa kasri la jirani. Baba yake, William fitz Norman, ndiye aliyeandikwa kuwa mwenye ardhi ya Kilpeck katika daftari kuu la mali la mwaka 1086, lililotayarishwa miaka 20 baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza.

Mwaka 1134 Hugh alilitoa kanisa la Kilpeck kwa abasia ya Mtakatifu Petro ya Gloucester, iliyokuwa ya Wabenediktini, yaani wamonaki wa kanuni ileile wanayoifuata leo wamonaki wa Peramiho na Ndanda. Kwa kuwa mwaka huo unatangulia michongo tunayoiona, inaelekea palikuwa na kanisa jingine hapa kabla ya hili. Pembe moja ya ukuta, upande wa kaskazini-mashariki wa ukumbi wa waumini, ina uashi wa namna nyingine kabisa, na wengi huihesabu kuwa mabaki ya jengo hilo la awali.

Huyo Mtakatifu Daudi ni mfalme wa Israeli?

Hapana. Msomaji anayejua Daudi wa Zaburi hudhani hivyo, na anayejua habari za Wales humdhania yule askofu ambaye ni msimamizi wa nchi hiyo. Wapo wanaoona kwamba asili yake ni mtu mtakatifu wa hapohapo, aliyeheshimiwa na wenyeji wa Kiwelshi kabla Wanormani hawajafika. Jambo hilo halina ajabu: eneo hili, linaloitwa Archenfield, lilikuwa la ufalme mdogo wa Kiwelshi wa Ergyng, na desturi za Kiwelshi ziliendelea humo muda mrefu baada ya mabwana kubadilika. Jina la Maria linasemekana kuongezwa baadaye kutoka kwenye kikanisa cha ndani ya kasri.

Ni kanisa la Kikatoliki au la Kianglikana?

Lilijengwa wakati Wakristo wote wa Uingereza walikuwa chini ya Roma, kwa hiyo michongo yake ni kazi ya Kikatoliki. Tangu mageuzi ya karne ya 16 ni kanisa la parokia la Kianglikana, katika dayosisi ya Hereford, na hadi leo linasaliwa.

Kwa nini kijiji kidogo hivi kilipata kazi ya fahari namna hii?

Kwa sababu hakikuwa kidogo. Mpaka wa Wales ulikuwa mahali pa vita na pa maslahi, na bwana aliyepewa ardhi huko alipewa pia nafasi ya kujionyesha. Kilpeck kulikuwa na kasri, makazi yenye boma, na baadaye nyumba ndogo ya wamonaki; Mfalme John alifika hapa zaidi ya mara moja mwanzoni mwa karne ya 13. Kuanzia karne ya 14 eneo likadidimia, watu wakapungua, na leo makazi ya zamani yanaonekana kama matuta tu kwenye nyasi za jirani na kanisa.

Kudidimia huko ndiko huenda kulikoliokoa. Parokia yenye fedha ilibomoa mlango wa mtindo wa zamani na kujenga mwingine wa kisasa, kama anavyofanya leo mtu aliyepata biashara na nyumba ya babu yake. Kilpeck haikuwa na fedha hizo.

## Mtindo na mafundi

Mtindo wa Kiromaneski ni upi, na nitautambuaje?

Ni mtindo wa ujenzi ulioenea Ulaya Magharibi katika karne ya 11 na ya 12, na alama yake ya kwanza ni tao la nusu duara, tofauti na tao lenye ncha la mtindo wa Kigothi uliofuata. Kuta ni nene, madirisha ni madogo, na mapambo hukusanywa kwenye milango na matao. Uingereza huitwa pia mtindo wa Kinormani. Mpango wa jengo la Kilpeck ni wa kawaida kwa wakati wake: ukumbi wa waumini, kisha sehemu ya padri iliyo nyembamba zaidi, kisha chumba cha nusu duara mwishoni, upande wa mashariki, penye altare.

Mafundi wake walikuwa nani?

Majina yao hatunayo. Wanahistoria wa sanaa huwaita kwa pamoja mafundi wa shule ya Herefordshire, wakimaanisha kundi la waashi waliofanya kazi katika wilaya hii katikati ya karne ya 12, ambao mikono yao hujulikana kwa mazoea: mikunjo ya nguo iliyochongwa kama mistari sambamba ya kamba, macho ya mviringo yaliyotokeza, na viumbe waliofungamana na matawi. Kazi za kundi hilo zipo pia Leominster, Rowlestone, Brinsop, ambako Mtakatifu George amepanda farasi, na Stretton Sugwas, ambako Samsoni anapasua kinywa cha simba. Mabirika ya ubatizo ya Eardisley na Castle Frome ni ya mikono hiyohiyo au ya wanafunzi wao.

Ni kweli kwamba ujuzi wao ulitoka Hispania?

Msingi wa maelezo hayo ni safari ya Oliver de Merlimond, msimamizi wa mali za Hugh Mortimer, bwana wa Wigmore. Oliver alikwenda kuhiji Santiago de Compostela, kwenye kaburi linaloheshimiwa kuwa la Mtume Yakobo, akapita Ufaransa, na baada ya kurudi akajenga kanisa la Shobdon, kaskazini mwa Kilpeck, lenye michongo ya mtindo huu. Ukilinganisha watu waliochongwa kwenye matao ya Kilpeck na wale wa mlango wa kusini wa kanisa kuu la Santiago, ule unaoitwa Platerías, ufanano unaonekana.

Kilichobaki ni dhana. Pengine Oliver alirudi na fundi kutoka Ufaransa, pengine fundi wa Herefordshire alikuwa kwenye msafara wake, pengine kulikuwa na michoro tu mkobani. Tena si kila kitu cha Kilpeck kina sura ya Hispania. Nyoka wa mlangoni wanakaribiana zaidi na kazi za Skandinavia, ambazo Uingereza ilizijua vizuri kabla ya Wanormani.

Kanisa hilo la Shobdon bado lipo?

Halipo. Lilibomolewa katika karne ya 18, likajengwa jipya, na matao yake ya zamani yakapandishwa kilimani kuwa pambo la bustani ya tajiri mwenye eneo. Yamesimama huko kwenye mvua na upepo hadi sasa, na sura nyingi zimeyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Anayetaka kujua thamani ya Kilpeck aende Shobdon kwanza.

## Mlango wa kusini

Nikisimama mbele ya mlango, nitazame nini kwanza?

Anza katikati, kwenye jiwe la nusu duara lililo juu ya mlango. Lina mti mmoja ulionyooka, matawi yake yakipinda kulia na kushoto kwa kulingana, na kwa kawaida huelezwa kuwa ni mti wa uzima unaotajwa mwanzoni mwa kitabu cha Mwanzo na mwishoni mwa Ufunuo. Juu ya jiwe hilo kuna matao yanayopishana kama ngozi za kitunguu. Yamejaa ndege, mazimwi na vichwa vya wanyama, na kila kimoja kimechongwa kwenye jiwe lake kabla ya kupandishwa. Kisha shuka kwenye nguzo, mbili kila upande. Za nje zina nyoka wakubwa, ya ndani kulia ina ndege ndani ya majani, na ya ndani kushoto ina wapiganaji wawili.

Ukikaribia kushoto utaona kwamba wapiganaji hao wamesimama mmoja juu ya mwenzake, wamebanwa na mashina ya mmea, wamevaa kofia zenye ncha na suruali pana zenye mistari iliyochongwa kuanzia kiunoni hadi kifundo cha mguu. Vidole vya mkono vimeshika shina kama mtu anayeshika nondo za dirisha. Suruali hizo zimeleta mabishano mengi, kwa kuwa si vazi la kawaida katika michongo ya Uingereza ya wakati huo; wako waliosema ni Waselti, wako waliosema ni watu wa mashariki. Kwenye birika la Eardisley wako wapiganaji wengine wa sura hiyohiyo, jambo linaloonyesha angalau kwamba ulikuwa mchoro uliopendwa na karakana hii.

Nyoka hao ni Ibilisi?

Inawezekana, lakini si lazima. Wamechongwa wakiwa wamefuatana, kichwa cha mmoja kikimeza mkia wa mwingine, na wafasiri wengine huona humo habari ya kuzaliwa upya, kwa kuwa nyoka hujivua gamba. Maelezo yote mawili yalijulikana katika Zama za Kati. Hakuna hati ya fundi wala ya padri inayochagua kati yake.

Yule mwenye majani mdomoni ni mungu wa kipagani?

Hili ndilo swali linalojibiwa kwa haraka kuliko yote. Uso uliopo juu ya nguzo za kulia, unaotoa matawi kinywani, hupatikana katika makanisa mengi ya Ulaya. Wazo la kumtambulisha na mungu wa misitu ni changa: lilienea baada ya mwaka 1939, Lady Raglan alipoandika kuhusu nyuso hizo na kuzipa jina la mtu wa kijani. Waashi wa 1140 hawakuacha neno lolote kuhusu hilo, na uso wenye majani ulikuwa pambo la kawaida tangu wakati wa Warumi. Mimi namwona kama namna ya kumalizia tawi: shina linapopanda nguzo lazima lianzie au liishie mahali fulani, na kinywa ni mahali pazuri.

## Mawe ya ukingo wa paa

Mawe ya ukingo ni nini, na ni mangapi?

Ni mawe yanayotokeza ukutani chini kidogo ya paa ili kubeba ukingo wake. Kazi yake ni ya ujenzi, lakini ncha inayotokeza humpa fundi mahali pa kuchonga apendacho. Kilpeck yamebaki 85. Mchoraji George Robert Lewis, aliyechapisha michoro ya kanisa hili mwaka 1842, alionyesha 6 zaidi ya hayo.

Mengi ni vichwa vya wanyama, baadhi vikiwa vimebana mtu kinywani. Yupo mpiga ala ya nyuzi, yupo Mwanakondoo wa Mungu aliyebeba msalaba, na hapohapo jirani yake wako viumbe visivyo na jina.

Kwa nini mbwa na sungura wamekuwa maarufu hivyo?

Kwa sababu wanaonekana kama wamechorwa jana. Ni vichwa viwili bega kwa bega kwenye jiwe moja: mbwa masikio yamelegea chini, sungura masikio yamelala nyuma, wote macho makubwa ya mviringo, na miguu ya mbele imewekwa kifuani kwa upole. Mwindaji na mwindwa wametulia pamoja, wala hakuna anayeonyesha kumjua mwenzake.

Msomaji aliyelelewa na hadithi za Sungura mjanja atatafuta hila iko wapi. Huenda ipo, maana fundi aliyewaunganisha hivi alikuwa na jambo kichwani, lakini hakuna hadithi inayojulikana iliyofungamana na jiwe hili.

Ni kweli kuna mchongo wa mwanamke akiwa uchi?

Ni kweli. Ni umbo dogo lenye kichwa kikubwa, lisilo na matiti, linalofungua sehemu zake za siri kwa mikono miwili, na linatazama chini bila aibu wala furaha. Michongo ya namna hii iko mingi Ireland na Uingereza, na jamaa zake wapo kwenye makanisa ya Kiromaneski ya Ufaransa na Hispania.

Maelezo makuu ni matatu: kwamba ni onyo dhidi ya tamaa ya mwili, kwamba ni kinga ya kufukuza uovu, au kwamba ni alama ya uzazi. La kwanza lina nguvu zaidi kwa upande wa Ufaransa na Hispania, ambako maumbo hayo hukaa pamoja na picha nyingine za dhambi. Kwa Kilpeck ni vigumu kusema, kwa sababu jirani zake hapa ni wanyama na nyuso zisizohubiri chochote. Wageni wanaokuja na watoto huuliza kama wapite upande mwingine; jiwe liko juu na ni dogo, na mtoto asiyeonyeshwa kwa kawaida huwa ameshatekwa na mbwa.

Vichwa vikubwa vinavyotokeza upande wa magharibi ni mamba? Vinatoa maji?

Si mamba, ingawa anayetoka kwenye nchi ya mamba hatadhani vingine: taya ndefu zimefunguliwa na ulimi umejiviringisha ndani. Huelezwa kuwa ni mazimwi, na wengi hukumbuka vichwa vilivyochongwa kwenye omo za jahazi za Skandinavia. Si mifereji ya maji, maana havina njia ya kupitishia maji ya paa.

## Ndani ya kanisa

Baada ya nje kuwa hivyo, ndani kuna nini?

Ndani ni pakimya zaidi, na wengine huvunjika moyo kwa dakika ya kwanza. Kitu cha kutazama ni tao linalotenganisha waumini na sehemu ya padri. Kila upande wake kuna watu watatu waliosimama mmoja juu ya kichwa cha mwingine, wenye mavazi ya mikunjo ya kamba. Mmoja ana ufunguo, ndiye Petro, na kwa sababu yake wengine nao huchukuliwa kuwa mitume au watakatifu. Hawa ndio hasa wanaolinganishwa na Santiago (tazama swali kuhusu Hispania).

Zaidi ya hapo kuna chumba cha nusu duara chenye dari la mawe, mbavu zake zimechongwa pembe za kwenda na kurudi. Angalia pia birika la ubatizo, kubwa na lisilo na pambo, na chombo cha maji ya baraka kilichochongwa kama tumbo lililokumbatiwa kwa mikono.

Michongo ilikuwa na rangi?

Makanisa ya wakati huo kwa kawaida yalipigwa lipu na kupakwa rangi, na michongo nayo mara nyingi ilipakwa. Anayependa wekundu wa mawe wa leo anapenda kitu ambacho huenda wajenzi hawakukikusudia.

## Kunusurika na matunzo

Kwa nini wapinga sanamu wa karne ya 17 hawakuvunja michongo hii?

Jibu la uhakika halipo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne hiyo kasri la jirani lilibomolewa, na mahali pengi wenye msimamo mkali walikata vichwa vya watakatifu. Huenda mbwa, sungura na mazimwi havikuhesabiwa kuwa sanamu za kuabudiwa. Lakini mitume wa ndani nao wamesalia, kwa hiyo sababu hiyo haitoshi.

Je, michongo ni ya asili, au imetengenezwa upya?

Ni ya asili. Jengo lilifanyiwa matengenezo makubwa mwaka 1864, 1898 na 1962, lakini michongo haikuchongwa upya. Mlango wa kusini ulifunikwa kwa miaka mingi na kibaraza cha mbao, kilichoondolewa mwaka 1868 ili watu waone kazi yote. Tangu hapo mvua inaufikia. Kinga pekee iliyoongezwa ni ukanda mwembamba wa mawe uliowekwa juu yake mwaka 1962.

Naweza kuigusa?

Tafadhali usiguse. Jiwe la mchanga hulika kwa chembe, na jasho na mafuta ya mikono huingia kwenye vinyweleo vyake. Vidole vya wapiganaji vimebaki vikali kwa karibu miaka 900, na mlango ni mwembamba kiasi kwamba mabega ya mgeni mmoja tu yanatosha kuzisugua nguzo.

## Kwa anayekwenda

Kuna kiingilio?

Hakuna tiketi. Kuna sanduku la sadaka, na ndilo linalosaidia kulitunza paa.

Kasri bado linaonekana?

Kilichobaki ni kilima kilichojengwa kwa mikono, nyuma ya kanisa upande wa magharibi, na vipande viwili vitatu vya ukuta juu yake. Kupanda ni dakika chache, na ukiwa juu utaona jinsi kanisa na makazi ya zamani vilivyokaa chini ya jicho la bwana.

Niende saa ngapi ili nione vizuri?

Uingereza adhuhuri ya mwaka mzima jua huwa upande wa kusini, halipandi utosini kama kwetu, kwa hiyo mlango wa kusini hupata mwanga mchana. Jua la moja kwa moja huibapaza michongo. Saa nzuri ni asubuhi au alasiri, mwanga unapokuja kwa ubavu na kila mkunjo kupata kivuli chake. Upande wa kaskazini una kivuli karibu siku nzima, na mawe ya ukingo ya huko husomeka vizuri siku ya mawingu. Beba darubini ndogo.